Simiti ya Watu wa Tulia

Kwenye mazishi ya Syombua viti vyote vya plastiki vilikuwa vimejaa. Msichana mmoja mwenye adabu alinishika mkono akanipeleka kando ya ukuta, mahali palipopangwa mawe manne ya kukalia. "Keti hapa, susu," akaniambia, ndivyo bibi anavyoitwa kwetu, akalipangusa moja kwa khanga yake. Nikaliangalia. Lilikuwa na umbo la mfuko uliojazwa na kulazwa ubavu, pembe zimeviringana, na pale juu mikunjo ya karatasi ilikuwa bado inaonekana, imegandia mle mle. Nilimwambia nitasimama. Akadhani miguu yangu inanisumbua, akaniletea na mto. Sikuwa na nguvu ya kumweleza kwamba jiwe hilo nililala nalo chumba kimoja nikiwa msichana kama yeye, na kwamba hata leo, uzee huu wote, nikiliona napandwa na hasira.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nangoja barua ya chuo cha ualimu. Barua haikuja Januari, haikuja Februari, na mtu anayengoja barua hupewa kila kazi ambayo wengine hawaitaki. Nilikuwa nimepanga chumba pale sokoni Tawa, nyuma ya duka la Mama Ndunge. Kilikuwa na kitanda cha mbao, dirisha la kufungwa kwa kamba, na mabati yenye matundu ya misumari ya zamani, kwa hiyo asubuhi jua liliingia kwa vitone vitone na kutembea ukutani. Kati ya chumba changu na jiko la Mama Ndunge kulikuwa na ukuta wa mbao nyembamba sana. Nilijua walichopika, nilijua nani amekuja kukopa chumvi, na nilijua nilivyokuwa nikisemwa. Mama Ndunge ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mwethya yetu, kile kikundi cha akina mama cha kusaidiana kazi, na kwa sababu niliweza kuandika bila kuuliza herufi, nikafanywa katibu.

Kikundi kilikuwa na jina kubwa kuliko ukubwa wake, na sifa hiyo ilitokana na mwenzetu Syombua. Yeye ndiye aliyewaza kwamba ghala la kusuka kwa fito, lile la kuwekea mahindi, ukilikandika simiti ndani na nje linaweza kushika maji ya mvua kutoka paani. Mzee Kilonzo, mwanamume pekee kati yetu, alimsukia la kwanza huku akimcheka. Mvua ilipokuja tangi likajaa, na Mzee Kilonzo akaacha kucheka, akaanza kusema ni wao wawili waliowaza. Watu wakaanza kuja kuona. Syombua hakumkatalia mtu hata mmoja, na hakumtoza mtu hata yai. Alinifanya nichore tangi lile kwenye karatasi za daftari, vipimo vyote kwa hatua na viganja, na kila aliyekuja aliondoka na mchoro wake. Nilichora mpaka kidole kikaota sugu. Sharti lake lilikuwa moja tu: ukienda kujenga, urudi utuambie ni wapi paliharibika. Wengine walirudi wakasema sehemu ya chini inahitaji mawe, nami nikaongeza mawe kwenye mchoro. Wengine wakasema mdomo ni mpana, vyura wanaingia, tukaupunguza. Ule mchoro ulikuwa wa kila mtu na kila mtu aliutia mkono. Nilijivunia sana kazi ile. Ninalisema hili mapema, kwa sababu kuanzia hapa nitalalamika tu.

Watu wa Tulia, upande wa Kitui, walichukua mchoro mwezi wa pili. Waliongozwa na Bi Zuhura, mama mfanyabiashara wa vitambaa, mwenye asili ya pwani na Kiswahili kilichotufanya sote tukae wima. Mumewe alikuwa na lori lililokuja Tawa kununua mbaazi. Mwezi wa tano walirudi na lori hilo, na Bi Zuhura akashuka akiwa na habari. "Fito zenu huliwa na mchwa," alisema. "Tumeyaona kwa maghala yetu wenyewe; tangi nalo likitimiza miaka miwili mitatu, ndani ya ukuta litabaki tupu, lipasuke. Sisi tumeacha fito. Tumetumia waya wa kuku." Alituonyesha kipande cha waya kilichokandikwa simiti, akakiangusha chini, hakikuvunjika. Syombua alikiokota, akakigeuza, akacheka kwa furaha tupu, mtu ambaye kazi yake ndiyo kwanza imekosolewa mbele ya watu. "Katibu, chora," akaniambia. "Futa fito. Andika waya." Tukala muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, na maharagwe kwenye uwanja wa duka, Bi Zuhura akasifu chumvi yake, na walipokuwa wakiondoka dereva akashusha mifuko sita ya simiti na bunda la waya. "Ni shukrani ya mchoro," alisema Bi Zuhura. "Ni ya mradi." Kisha lori likaondoka, na sisi tukabaki tumesimama tukiangalia mifuko sita.

Hakuna aliyekuwa ameomba. Hilo ndilo lililotuua. Mwethya inajua kuchangisha: kila mtu analeta chake, kazi inafanywa, chakula kinaliwa, basi. Haikuwahi kuwa na kitu kilichobaki. Kesho yake kamati ilikaa kwenye jiko la Mama Ndunge, nami nikaandika. "Hii simiti tufanye nayo nini?" akauliza Mama Ndunge. Mzee Kilonzo akasema, "Wamesema ni ya mradi." "Sawa, na mradi ni nani?" akauliza tena Mama Ndunge. Mama mmoja akasema tujenge tangi la kanisa. Mwingine, wa kanisa jingine, akasema kanisa gani? Mtu akataja shule. Mtu akasema tuuze, na Syombua, aliyekuwa amekaa karibu na mlango akichambua mbaazi, akainua kichwa. "Mchoro hatuuzi. Na kitu imekuja juu ya mchoro hatuuzi." Basi hilo likafa. Mimi, kwa utoto wangu, nikasema kwa nini tusijenge upya tangi la Syombua mwenyewe, maana ndilo la kwanza, lina miaka zaidi ya mitatu, na limeanza ufa. Wote wakaangalia chini. Mama Ndunge akasema polepole, "Tukipatia mmoja, hao wengine watasema nini?" Na Syombua akasema, "Wacha hiyo maneno, Katibu." Wakaamua kuahirisha mpaka siku wote watakapokuwepo. Simiti ikae chumbani kwa Katibu, kwa muda.

Nataka ieleweke hiyo "kwa muda" ilikuwaje. Simiti hailazwi sakafuni, inavuta unyevu. Mzee Kilonzo alitazama huku na huku chumbani kwangu, akaona kitanda. Wakaondoa godoro, wakatoa mbao za kitanda, wakazipanga chini ya mifuko vizuri sana, na mimi nikapewa mkeka. Simiti ya mradi ililala juu ya mbao za kitanda, katibu wa mradi akalala chini. Nilipolalamika, Mama Ndunge aliniambia, "Ni wiki moja tu, mwanangu." Nikala vumbi lile. Nilikunywa chai yenye utando wa kijivu, nikavaa blauzi za kijivu, na nilipochana nywele kitana kilitoka kama kimepita kwenye majivu. Wiki ya tatu nilianza kuhesabu mifuko kabla ya kulala kama mtu mwenye mbuzi. Kila mkutano ulikuwa na pengo: mmoja amekwenda mazishini, mwingine ni siku ya soko, mwingine binti yake amejifungua. Na desturi ya mwethya ni kwamba asiyekuwepo haamuliwi. Ni desturi nzuri. Nimewahi kuitetea mbele ya watu. Lakini kwa mwaka ule naapa ilitumiwa kama kitambaa cha kufunika macho.

Kwa maana walijua. Nilikuwa nikiwasikia kupitia ukuta. Jioni moja Mama Ndunge alikuwa akikoroga ugali na Mzee Kilonzo amekuja kuomba moto wa sigara. "Umeona tangi ya Syombua?" akauliza mzee. "Mimi nimeweka kidole kwa ufa, kikaingia chote. Ndani ni mchwa tupu." "Nimeona." "Na kliniki wamemwambia asibebe maji tena. Ule mgongo." "Najua, Kilonzo. Nani hajui?" Nikasikia mwiko ukigonga sufuria. "Basi si tumpe tu?" "Wewe ndio utasema kwa mkutano?" Mzee akavuta sigara yake. "Mimi niseme, na mimi ndiye nilisuka hiyo fito zimeliwa? Watasema ninaficha aibu yangu." "Na mimi nikisema watasema ni kwa sababu ni rafiki yangu," akajibu Mama Ndunge. Kisha wakazungumzia bei ya sukari. Nilikuwa nimelala mkekani upande wa pili, na hiyo simiti iko juu ya mbao zangu, na nilitaka kuupiga ule ukuta mateke.

Mwezi wa saba wakapata ufumbuzi, Mungu awarehemu. Kwa kuwa hatuwezi kugawa, turudishe. Lori lilikuja kuchukua mbaazi, mifuko sita ikapakiwa pamoja na bunda la waya, na mimi nikapanga mbao zangu nikalala kitandani usiku huo nikahisi ni malkia. Lakini Mama Ndunge ni mtu mwenye heshima zake. Aliona haifai kurudisha mzigo wa watu hivi hivi, kama anayekataa. Kwa hiyo juu ya mifuko aliweka kiondo chake kipya, ndani yake mahindi yaliyokobolewa, kunde, na kuku jike aliyefungwa miguu. Na sasa niambie, mtu wa Tulia akiona kiondo kimekuja kimejaa, atafanya nini? Chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Hata mtoto mdogo kwetu anajua. Baada ya wiki tatu lori likarudi. Bi Zuhura akashuka anatabasamu, kiondo cha Mama Ndunge mkononi kimejaa tende na sukari, na nyuma yake dereva anashusha mifuko. Ile sita yetu, na bunda lake la waya. Na mingine sita. "Mmetuaibisha kwa ukarimu," alisema. "Kuku wenu anataga hata sasa. Tungekirudishaje kiondo kitupu?" Na tende zilizozidi alikuwa amezitia kwenye kikapu chake mwenyewe, cha ukindu, kizuri, chenye mistari ya zambarau, akamkabidhi Mama Ndunge. Niliona uso wa Mama Ndunge ukibadilika. Alikuwa ameanza tayari kuwaza atarudisha kikapu hicho na nini.

Nilikiiba. Sijawahi kuiba kitu kingine, lakini kile kikapu nilikificha ndani ya godoro langu, na Mama Ndunge alipokitafuta nikasema sijakiona. Vinginevyo kufikia Krismasi ningekuwa nalala nje na mifuko arobaini ndani. Mbao za kitanda zilikuwa zimeshachukuliwa tena, bila hata kuulizwa. Mifuko kumi na miwili sasa, na kamati ikakaa, na mtu mmoja hakuwepo.

Mwezi wa kumi mawingu yakaanza kukusanyika juu ya vilima vya Mbooni. Kila mtu alikuwa anasafisha mifereji ya mabati. Syombua alikuwa amelifunga tangi lake kamba kiunoni, kamba ya katani, na kulipaka udongo kwenye ufa, na alijua kama nilivyojua mimi kwamba mvua ya kwanza italifungua lote. Nilikuwa nikimkuta njiani akipanda kutoka mtoni, mtungi mgongoni, kamba kwenye paji la uso, anasimama kila hatua kumi na kujifanya anatazama shamba la mtu. Nikimpokea mzigo ananiruhusu mpaka karibu na nyumba, kisha anauchukua tena asionekane akisaidiwa. Siku moja nilikosa uvumilivu. Nilikopa toroli ya dukani, nikapakia mifuko mitatu na kipande cha waya, saa nne asubuhi, mchana kweupe, sokoni watu wakiniangalia, nikaisukuma mpaka kwake. Nilifika natweta. Alikuwa anapepeta mtama uani.

"Hiyo ni nini?" akauliza.

"Ni simiti yako, mwaitu. Mzee Kilonzo atakuja kesho. Tunajenga ya waya." Nilimwita mwaitu, yaani mama, kwa heshima.

"Nani ameamua?"

Ningeweza kudanganya. Kwa kikapu nilidanganya bila kupepesa macho. Lakini mbele yake sikuweza. "Mimi," nikasema.

Akaweka ungo chini. "Kamati imekaa?"

"Kamati haitakaa! Kamati inangoja kila mtu afufuke ndio ikae! Mvua ni wiki ijayo."

"Basi rudisha."

"Mwaitu, waliileta kwa sababu yako."

"Walisema ni ya mradi. Mimi si mradi."

"Wewe ndiye mradi!" Nilimpigia kelele, mtu wa rika la mama yangu, kwake, na jirani akachungulia. Nililia kwa hasira. Yeye hakukasirika, na hilo likaniudhi zaidi. Aliniletea kikombe cha uji, akakaa karibu nami kwenye mkono wa toroli. "Sikia, Mueni," akasema, ndiyo mara ya kwanza aliacha kuniita Katibu. "Watu wamekuja hapa kutoka mbali wakachukua hii kitu bure. Siku nitakula kitu yake, wote watarudi nyuma wajiulize kama nilikuwa nawategea. Na mwenye kuja kesho ataogopa kuja mikono mitupu. Hatakuja." Nikamwambia kwamba huo ni upuuzi. Nilitumia neno hilo hasa. Akasema, "Inaweza kuwa. Kunywa uji, halafu rudisha." Nikasukuma toroli kurudi, mlima, mifuko mitatu, na sokoni wale wale wakiniangalia.

Nimefikiria maneno yake miaka mingi, na sijawahi kuamua kama alikuwa na haki. Kuna siku naona alikuwa mtu mkubwa kuliko sisi sote. Siku nyingine, na hizi ndizo nyingi, naona ni kiburi tu, kiburi kilichovaa nguo safi, na kwamba sisi tulifurahia kiburi chake kwa sababu kilitupunguzia kazi ya kuamua. Angetokea mtu mmoja tu kati ya wazee wale, akasimama mkutanoni akasema simiti hii ni ya Syombua na mwenye neno aseme, hakuna ambaye angesema. Mimi nilifanya peke yangu, kwa toroli, bila idhini, kwa haraka ya msichana, na kwa kufanya hivyo nilimpa sababu ya kukataa. Hilo nalo nimelifikiria.

Mvua ilikuja Alhamisi mchana. Ilipiga mabati mpaka hatukusikiana, na yale matundu ya misumari yakafanya kazi yake. Nilihangaika na mabeseni, nikavua hata shuka nikafunika mifuko, nikabaki nimekaa kwenye kona nimelowa. Alfajiri nilitoka kwenda kwa Syombua. Tangi lilikuwa limefunguka kama ganda la njugu, maji yametoka yamekokota udongo na fito zilizoliwa mpaka mlangoni pake. Alikuwa amesimama na ndoo akikinga yaliyokuwa yanadondoka paani, akanisalimia vizuri kabisa. Wiki mbili baadaye kamati ikakaa. Safari hii wote walikuwepo. Waliamua kwa sauti moja kumpa Syombua mifuko mitano, na Mama Ndunge akasema yeye ndiye atakayemweleza, hatakubali kukataliwa. Mzee Kilonzo akaja chumbani kwangu kuichukua. Akabonyeza mfuko wa kwanza kwa kidole, akabonyeza wa pili. Akaugonga wa tatu kwa kifundo cha mkono, ukalia ko ko kama mlango. Tukaigusa yote kumi na miwili; yote ilikuwa imegeuka mawe. Mzee alikaa juu ya mmoja wao, akavua kofia. Barua yangu ya chuo ilifika mwezi huo huo. Syombua alibeba maji ya mtoni mwaka ule wote na uliofuata, mpaka mwanawe alipopata kazi akamnunulia tangi la bati. Mgongo wake haukunyooka tena. Kila nilipomtembelea alikuwa ameinama zaidi, na kila mara aliniuliza kama bado nachora.

Sasa turudi mazishini. Walikuwa wameshateremsha jeneza, vijana wanajaza udongo, ndipo gari dogo la mizigo likaingia uani. Akashushwa bibi mmoja mwenye mkongojo na buibui, na sauti yake ikanifanya nisimame wima kabla sijamtambua uso. Bi Zuhura. Aliposhikana nami mikono alinitazama sana, akasema, "Katibu. Kikapu changu cha ukindu mlikipenda?" Miaka yote hiyo! Nikamwambia ukweli, kwamba kipo kwangu, kina vitunguu. Akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha akamwashiria dereva, na dereva akaanza kushusha mifuko ya simiti. Minne. "Tulia bado tunajenga kwa ule mchoro," akasema. "Wajukuu wamechanga. Wamesema ni ya mradi."

Ndunge, binti wa yule mwenyekiti wetu, ndiye anayeongoza kikundi sasa. Akaja mbio, akashukuru vizuri sana, akawageukia vijana. "Wekeni kwa stoo kwanza," akasema. "Wiki ijayo tutaita kamati, wote wakikuwepo tutaona." Alisema kwa ile ile sauti ya mama yake. Nami niliyekataa kuketi tangu asubuhi nikajikuta nimefika pale kaburini.

"Hakuna stoo," nikasema. "Leteni maji."

"Lakini, susu, kamati..." akasema kijana mmoja.

"Mimi ni katibu. Sijawahi kuondolewa. Leteni maji, leteni mchanga na koleo, na fundi yuko wapi?"

Wakaniangalia kama mzee aliyechanganyikiwa, kisha mwana wa Syombua, mwenye macho mekundu, akatwaa ndoo akaenda mwenyewe kwenye tangi. Mifuko ikapasuliwa pale pale. Simiti ilikuwa laini kama unga. Fundi akachanganya, vijana wakabeba kwa karai, na kabla jua halijageuka kaburi lote lilikuwa limekandikwa, pembe zake zimenyooka, limesawazishwa kwa ubao. Bi Zuhura aliketi kwenye lile jiwe nililolikataa, akitazama. Wengine walipoondoka kwenda kula, mimi nilibaki pale pembeni. Nilingoja kidogo, kwa mazoea, nisikie Syombua akiniambia nirudishe.